Mtambo wa Chaki Nisio Nao

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Siku imeanza vibaya. Mama mkwe amepiga simu kabla sijamaliza chai. Hakuuliza habari za nyumbani. Ameuliza faida ya mwaka iko wapi. Nikasimama wima kumjibu, ingawa hanioni. Hata kwenye simu mkwe ni mkwe.

Nikasema faida yote imerudishwa kwenye kampuni. Nilisema kwa ile sauti ya mtoa mada wa semina, aliyetufundisha kwamba anayekula faida amekula mbegu. Semina ya siku moja tu, lakini nilipewa kofia na kalamu. Ndiyo kalamu hii.

Kampuni yetu inatengeneza chaki za shule. Wenye hisa tuko watatu: mke wangu, mama yake, na mimi. Mama mkwe aliweka kiinua mgongo chake chote. Alikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa miaka thelathini, kazi yake kuwafunga watu plasta. Unga wa jasi unaofunga mguu uliovunjika ndio huohuo tunaomimina kutengeneza chaki, kwa hiyo biashara aliiamini tangu siku ya kwanza. Mimi bado hajaniamini. Mke wangu huchanganya jasi, humimina kwenye kalibu, huanika, hupakia na kupeleka shuleni. Vipande vinavyovunjika huviokota na kuviweka kwenye debe, nami nimemwambia mara nyingi kwamba ule ni uchafu. Mimi ni Mkurugenzi Mkuu. Nimeandika mwenyewe mlangoni.

Sasa tatizo. Mama ana mtoto wa jicho. Wiki iliyopita alitia chumvi kwenye chai akadhani sukari, akainywa yote kwa kiburi. Fungu lake la faida lilikuwa la upasuaji. Na mimi fungu lake, na la mke wangu, na langu, yote nilimpa Bwana Mitambo, dalali wa mashine, wiki tano zilizopita. Aninunulie mtambo wa kutoa chaki elfu tatu kwa saa. Nilitaka iwe furaha ya ghafla. Mtambo haujafika.

 Mama akasema vizuri, kama faida imegeuka mtambo, Jumamosi atakuja kuukagua. Macho hayafai, atatumia mikono. Akikuta mtambo, upasuaji utasubiri. Asipokuta, anatoa hisa zake, na kampuni tutaifunga siku hiyohiyo.

Chai imepoa.  Naogopa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimekwenda kwa Bwana Mitambo. Ofisi yake iko mwisho wa korido, juu ya duka la kuchapa kadi. Meza moja, viti viwili, kalenda ya mwaka juzi. Ni mpole kupita kiasi na hilo ndilo linalonitisha. Mtu mwenye mali hujibu kwa ukali.

Akasema mtambo umeshaondoka kiwandani, ila umesimama mahali. Nikauliza mahali gani. Akasema ni mahali pa mitambo kusimama. Akaniambia mvumilivu hula mbivu. Nikamwambia nimevumilia wiki tano na mbivu zimeanza kuoza. Akacheka sana, akanishika bega, akasema kuna karatasi moja tu inakosa mhuri, na mhuri una gharama ndogo.

Sikuwa na pesa. Nimemwachia saa yangu ya mkononi.

Nimerudi nyumbani bila kujua ni saa ngapi. Mke wangu akauliza mtambo uko wapi hasa, maana mama amemwambia kampuni ina mtambo.  Nikasema uko stoo, nyuma ya banda la chaki, na stoo nimeifunga kwa sababu mtambo mpya haufunguliwi kabla haujapoa kutoka safarini. Akaniangalia. Akasema sawa.

Sawa za mke wangu ziko aina saba. Hii sijawahi kuisikia.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepata wazo. Limenijia nikiwa chooni, mahali pekee ambapo hakuna mwenye hisa mwingine.

Mama haoni. Atagusa. Basi kinachotakiwa si mtambo, ni kitu kinachogusika kama mtambo. Kiwe kikubwa, kiwe cha chuma, kitetemeke, kipige kelele, kiwe na joto. Mtambo wenyewe ukifika baadaye, nautoa huu na kuingiza ule. Mama hatajua, kampuni itapona, na mwakani faida ya elfu tatu kwa saa itapasua macho ya ukoo mzima. Sioni nani ataumia.

Nilihitaji friji kuukuu, na friji kuukuu ziko kwa shemeji. Shemeji ni mdogo wake mke wangu, fundi wa friji, na tangu harusi ananiita Mkuru badala ya Mkurugenzi, mbele ya wateja wake. Nimemeza mate nikaenda. Akauliza friji iliyokufa ni ya kazi gani. Nikasema ni ya kuhifadhi mafuta ya kupaka kalibu, hayataki jua. Akasema hata kabati linazuia jua na ni jepesi.  Akanipa ile kubwa ya bucha, akanisaidia kuisukuma mpaka nyumbani, huku akiuliza kama Mkuru anajua kusukuma.

Nikamwomba asimwambie dada yake. Akasema yeye ni kaburi. Ninaijua familia hii. Makaburi yao yana midomo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mungu yupo. Mke wangu amesafiri alfajiri kwenda kwa mama yake. Amesema atampitisha hospitali kwanza, kisha watakuja pamoja Jumamosi. Nikamuuliza hospitali ya nini. Akasema ya kuangalia presha. Nikamwambia ampe mama pole. Akasema presha si ya mama, lakini pole atazifikisha. Sikuelewa, na gari lilikuwa linaondoka.

Siku mbili stoo peke yangu. Furaha na woga vimenikaa pamoja kifuani, kila kimoja kinamsukuma mwenzake.

Nimeanza. Friji imesimama mbele kama mwili wa mtambo. Juu yake pipa lenye kokoto. Nyuma yake baiskeli yangu niliyoing'oa gurudumu la mbele, mnyororo ukazungusha pipa. Nikikanyaga pedeli, kokoto zinavuma, friji inatetemeka, na feni mbovu niliyoifunga kijiko inapiga kelele za kutisha kweli. Nilipoijaribu mara ya kwanza nilikimbia nje.

Kimebaki kitu kimoja. Joto. Chuma hiki ni baridi kama mchana wa mazishi, na mtambo uliofanya kazi asubuhi nzima hauwi baridi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Joto limepatikana. Nashangaa kwa nini watu hawanipigii simu kuniomba ushauri.

Kila anayefanya kazi ya chaki anajua jambo hili: unga wa jasi ukikutana na maji, unapata moto wenyewe kabla ya kuganda. Ukitia chumvi, unapata moto haraka zaidi na unaganda haraka zaidi. Basi kesho nitachanganya ndoo mbili. Moja itakaa ndani ya friji, ikigusa mlango nilioung'oa sponji ya ndani, pale mama atakapoweka kiganja. Ya pili itakaa nyuma, chini ya pedeli, ili akizunguka pia apate ukweli wa joto. Nimepima chumvi. Vijiko vitano vya chakula kila ndoo. Dakika nane za uji, halafu jiwe.

Nimepaka friji yote rangi ya kijani, kwa sababu mitambo yote ninayoijua ni ya kijani. Rangi ilikuwa kidogo, nikaiongeza maji.

Jirani amechungulia juu ya ukuta akauliza ninajenga nini. Nikasema ninarudisha faida kwenye biashara. Akauliza kama biashara yangu imepata ajali.

Nimekula wali mkavu, peke yangu, mezani. Nilifikiria mama akipapasa friji ile kwa vidole vyake, akiniamini.  Nilikaribia kumpigia mke wangu simu na kusema yote. Nilishika simu kabisa. Halafu nikaikumbuka ile sawa, nikairudisha mfukoni.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Ninaandika nikiwa nimelala, mguu juu ya mito miwili. Nitaandika kwa utaratibu.

Saa nne kamili gari limesimama. Nilikuwa nimeshachanganya ndoo zote mbili niliposikia honi. Nikachungulia kwenye upenyo wa mlango wa stoo. Mama mkwe ameshikwa mkono na mke wangu, amevaa miwani myeusi mikubwa, ya kufunika mpaka nyusi. Nilimhurumia. Pia, nakiri, nilishukuru.

Nikarukia baiskeli nikakanyaga pedeli. Kokoto, kijiko, mnyororo. Wakaingia. Kupitia nafasi kati ya friji na ukuta niliona mkono wa mama ukiweka kiganja mlangoni, taratibu, kama anapima homa. Akauliza kama huu ndio mtambo. Mke wangu akasema ndivyo alivyoambiwa. Mama akasema una joto. Nikakaribia kulia kwa furaha. Akauliza unatoa chaki ngapi. Nikapaza sauti kutoka nyuma kwamba ni elfu tatu kwa saa. Akauliza kwa nini Mkurugenzi anajibu kutoka tumboni mwa mtambo.

Na papo hapo akazunguka nyuma.

Sasa mtu aliyelelewa vizuri anielewe. Mimi niko juu ya tandiko la baiskeli, miguu imetanuka, kaptula ya kazini, na mama mkwe amesimama chini yangu. Hakuna mkwe anayesalimiwa kutoka juu. Sikufikiri. Adabu ilinishusha yenyewe. Nikaruka chini, nikainamisha kichwa, nikasema shikamoo Mama. Na mguu wangu wa kulia ukaingia ndani ya ndoo.

Akasema marahaba.

Ningeutoa palepale. Lakini kuchomoa mguu kwenye uji mbele ya mkwe, matone yakimrukia gauni, niliona ni utovu wa nidhamu. Nikajisemea moyoni atapita. Hakupita. Akaomba kiti. Mke wangu akamletea kiti haraka kuliko kawaida yake, na akakiweka mbele yangu kabisa.

Mama akaanza kuhadithia habari za wodi. Mgonjwa mmoja aliyekuwa akikwaruza plasta kwa uma. Mgonjwa mwingine aliyetoroka na kitanda. Nikawa naitikia ndiyo Mama, kweli Mama. Chini kukaanza uvuguvugu. Uvuguvugu ukawa joto. Joto likanibana. Nilijua dakika ni ngapi, maana chumvi nilipima mwenyewe. Nikavuta mguu kidogo kwa siri. Ndoo ikaja nao.

Mama akauliza mbona ninatoka jasho. Nikasema ni joto la mtambo. Akasema na midomo mbona imekuwa myeupe.

Nilianza kusema ni vumbi la chaki. Nikaishia katikati. Midomo ameionaje?

Akavua miwani. Jicho la kulia lilikuwa jekundu kidogo, limelowa, na lilikuwa linaniangalia. Halikuwa linapapasa. Lilikuwa linaniangalia mimi, kaptula, baiskeli na ndoo. Kisha akageuka kwenye ubavu wa friji, ambako rangi yangu ya maji ilikuwa imekaukia vibaya, akasoma kwa sauti maandishi ya chaki nyekundu yaliyokuwa chini yake. Yalisema imekufa, usirudishe. Akasema anautambua mwandiko wa mwanawe, yaani shemeji.

Nilitaka kuzimia. Sikuweza, ndoo ilinishikilia wima. Nikasema tu kwamba Mama, ninaungua.

Hapo akabadilika kabisa. Akasimama, akakunja mikono ya gauni, akaagiza maji baridi, nyundo na patasi. Nikamsihi asiguse mguu wangu, aibu hiyo nitaiweka wapi, yeye ni mama mkwe. Akasema wodini hakuna wakwe, kuna miguu. Akapasua ndoo. Akaanza kupiga jasi kwa nyundo, pigo dogo, pigo dogo, karibu na kifundo. Na kwa kila pigo aliuliza swali moja. Pesa alipewa nani. Lini. Risiti iko wapi. Nyundo ile ilinitisha kuliko mahakama. Nimesema yote. Nimesema hata habari za saa ya mkononi, ambayo hakuwa ameiulizia.

Mguu umetoka mzima, mwekundu kama nyanya. Jasi imebaki sakafuni katika vipande viwili, na ndani yake kuna umbo kamili la mguu wangu, mpaka kucha. Mke wangu ameviokota.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mkutano wa wenye hisa umefanyika kitandani kwangu. Mama alinipaka dawa kwanza, kisha akafungua kikao.

Nilikuwa na woga mmoja mkubwa kuliko mingine. Nilidhani wameuza kitu. Cherehani, au kiwanja cha mama. Nikauliza pesa za upasuaji zimetoka wapi. Mke wangu akajibu bila kuinua sauti. Zimetoka kwenye debe. Vile vipande vya chaki nilivyoviita uchafu, miaka miwili amekuwa akiwauzia mafundi cherehani wote wa mtaa, wanachoria vitambaa. Aliziweka pesa kidogo kidogo, hakunigusia, maana alijua ningezirudisha kwenye biashara. Alhamisi walikwenda kupasua jicho. Ijumaa likafunguliwa bandeji. Mama akasema hii ndiyo faida iliyorudi: jicho lilianza kazi siku ya pili, mtambo wangu uko wiki ya sita na bado umesimama mahali.

Nikauliza kwa nini alikuja na miwani myeusi. Akasema daktari alimwamuru. Akaongeza kuwa hata asingeamriwa, baada ya simu ya mwanawe kuhusu friji, angevaa.

Niliona aibu. Naandika hivyo wazi kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Nilipanga kumshikisha friji mtu mzima aliyetupa kiinua mgongo chake. Mke wangu alikuwa ananiangalia, na machoni pake hapakuwa na hasira. Afadhali ingekuwepo. Alionekana kuchoka.

Ikapigwa kura. Mkurugenzi Mkuu ni mke wangu, kura mbili kwa moja. Mama hatoi hisa zake, kampuni haifungwi, kwa sharti kwamba mimi nisishike fedha ya kampuni wala ufunguo wa stoo. Kazi yangu ni kupanga chaki kwenye masanduku, mshahara kila Alhamisi. Shemeji alipita jioni na rangi. Amefuta jina langu mlangoni kwa furaha isiyo na kificho.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimechechemea mpaka kwa Bwana Mitambo, mama nyuma yangu, mwavuli mkononi. Ofisi imefungwa. Kalenda ameondoka nayo.

Kwenye korido tulikuta watu watatu wengine wamekaa sakafuni. Mmoja anasubiri mtambo wa sabuni, mmoja wa misumari, mmoja wa kukunja bahasha. Tukajuana. Wote Wakurugenzi Wakuu. Yule wa sabuni amefika pale kila siku kwa miezi mitatu na tayari ana kigoda chake.

Mama aliwasikiliza mmoja mmoja, akawauliza kama wake zao wanajua. Wakainama. Akasema twende polisi wote wanne tukaandikishe, na tukaenda. Polisi alicheka mpaka akaomba maji. Ameandika. Hajaahidi kitu.

Pesa zimekwenda. Ninajua sasa. Njia nzima nilisikia tu mwavuli ukigonga lami.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Mshahara wangu wa kwanza. Mke wangu amenipa kwenye bahasha, nikatia sahihi. Si haba.

Mchana nimemsindikiza mama kliniki. Daktari amefurahi sana na jicho la kulia. Nikauliza na la kushoto je. Akasema lile bado lina ukungu uleule, na halitaguswa mpaka miezi sita ipite.

Miezi sita.

Tukarudi kwa miguu. Mimi nilikuwa upande wake wa kushoto, nimebeba mkoba. Nikapunga mkono kidogo, karibu na sikio lake. Hakugeuka. Nikapunga tena, mkono mzima. Hakugeuka.

Yule Mkurugenzi wa bahasha ana binamu anayeuza matanuri ya kukaushia chaki. Kwenye korido alinieleza kila kitu: chaki mbichi asubuhi, kavu adhuhuri, jua lisilojua kazi likapumzike. Nimepita kwa binamu huyo nikirudi kutoka kununua mkate. Ni mkali, hacheki, hata kiti hakunipa. Mtu wa kuaminika. Nimempa mshahara wangu wote kama malipo ya awali. Si pesa ya kampuni, kwa hiyo sharti sijalivunja. Ni faida yangu mwenyewe, na inarudi kwenye biashara.

Naogopa, sitaficha. Akijua mama, safari hii nyundo haitaishia kwenye kifundo. Lakini nimelipima banda kwa kamba. Mlangoni, ukiingia, ukuta wa kushoto una nafasi ya kutosha tanuri zima. Na kwenye mkutano ujao nimeshachagua kiti changu. Ni kile cha kushoto kwa mama.